Hivi Bongo Movie ilikufa na Kanumba, au tunamsingizia marehemu?

#1 Mpenda Mikanda

Wakuu, kwema?

Kila ikianzishwa mada ya filamu za nyumbani, bandiko la kumi halifiki kabla mtu hajaandika kwamba Bongo Movie ilizikwa Kinondoni siku moja na Kanumba. Nimelisikia kijiweni, nimelisikia saluni, juzi nimelisikia hadi redioni. Silikubali na nataka tulijadili kwa hoja.

Mwigizaji Steven Kanumba alifariki akiwa na miaka 28. Nyuma yake walibaki waigizaji wenzake: Ray, JB, Johari, Monalisa, Riyama. Mzee Majuto aliendelea kuwachekesha watu mpaka Mungu alipomchukua Agosti 2018. Waongozaji walikuwepo, wapiga picha walikuwepo, maduka ya Kariakoo yalikuwa wazi. Mtu mmoja anaondokaje na watu wote hao?

Mimi nasema kilichoimaliza ni siasa. Uchaguzi wa 2015 wasanii wa filamu walipanda majukwaani, wakawa na kampeni yao ya Mama Ongea na Mwanao kuipigia debe CCM. Mtazamaji aliyekuwa upande wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, akasema basi, huyu si wangu tena. Tangu pale sijaona watu wakigombania mkanda mpya dukani.

Mwenye maelezo mengine ayalete.

#2 Kijana wa Tandale

Nimekaa pale. Ngoja wajuvi waje.

#3 Binti Rufiji

Mleta mada, hesabu yako haikai kwa sababu unamhesabu Kanumba kama mwigizaji mmoja. Alikuwa anaigiza, anaandika, anaongoza, ana kampuni yake, na anawafuata Wanigeria kwao wakati sisi wengine tunawaogopa. Devil Kingdom ya 2011 alicheza na Ramsey Nouah, na wakati huo Nollywood ndiyo iliyokuwa imeshika kila sebule. Mtoto wa Shinyanga kasimama na Ramsey kwenye kava moja! Huo ujasiri ulikuwa unawavuta wengine wote.

Halafu kulikuwa na ule ushindani wake na Ray. Mtaani kwetu Temeke mmoja ananunua ya Kanumba, jirani ananunua ya Ray, kesho yake mnabadilishana, na ubishi unakwenda mpaka usiku. Simba ikibaki peke yake bila Yanga, nani atakwenda uwanjani?

Na mtu ambaye hakuwepo viwanja vya Leaders siku ya kumuaga hawezi kunielewa. Makamu wa Rais, Dk. Bilal, alikuwepo. Watu walizimia kwa msongamano. Hatukuwa tunamuaga mwigizaji tu.

#4 Kijana wa Tandale

Binti Rufiji nakubali kipaji chake, lakini wakati anafariki 2013 soko lilikuwa limeshaanza kushuka.

#5 Mama Swaumu

Kijana, ni 2012. Usiku wa kuamkia Aprili 7, Jumamosi Kuu, kesho yake Pasaka. Kazikwa Jumanne ya tarehe 10. Wengine tulikula Pasaka hiyo macho yamevimba.

#6 Fundi Dishi

Huo mwaka aliousahihisha Mama Swaumu ndio ufunguo wenyewe. Kazi yangu ni kufunga madishi na ving'amuzi, na nawaambia nilichokiona kwenye mapaa ya watu.

Aprili 2012 Kanumba anafariki. Desemba 31 mwaka huohuo Dar inazimwa analojia, antena za juu ya bati zinageuka kuwa kamba za kuanikia nguo, kila nyumba inatafuta king'amuzi. 2013 zinakuja stika za kodi za TRA kwenye CD na DVD. Desemba 2013 Azam TV inaingia hewani. Yote hayo ndani ya miezi ishirini.

Sasa jiulizeni. Mtu akishanunua king'amuzi na kulipia kifurushi cha mwezi, hela yake ameshaitoa. Anakaa aangalie mpaka kiishe. Ile hela ya mkanda wa Ijumaa ndiyo imeingia kwenye kifurushi. Baadaye zikaja tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, ile Sultan ya Azam, na mama aliyekuwa anamtuma mtoto dukani kununua filamu akawa na miadi yake kila jioni.

Kanumba amebebeshwa lawama kwa kuwa kifo chake ndicho kila mtu anakikumbuka tarehe. Hakuna anayekumbuka siku aliyonunua king'amuzi.

#7 Mama Swaumu

Fundi umenisema mimi kabisa. Wakati wa Sultan nilikuwa napika mapema, na mgeni wa saa hiyo anakaa kimya na sisi mpaka iishe. Lakini nilikuwa nimeshaacha kununua Bongo Movie kabla, kwa sababu ya sehemu ya pili. Unanunua ya kwanza, inakatika pale mtu anagonga mlango. Unanunua ya pili, nusu saa nzima wanakurudishia ya kwanza.

#8 Mwenye Kibanda

Naongezea kwa Fundi Dishi, maana naona mnaongea ya sebuleni tu. Mimi nilikuwa na kibanda umiza, banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, Manzese. Benchi za mbao, televisheni ya chogo, ubao mlangoni umeandikwa kwa chaki zinazoonyeshwa mchana na jioni.

Bongo Movie haikuwahi kunijazia benchi. Waliojaza ni Wachina na Wahindi waliotafsiriwa na Lufufu, na baadaye DJ Mark. Watu walikuwa wanakuja kumsikiliza Lufufu mwenyewe. Anamuingizia mpiganaji wa Hong Kong maneno ya Kariakoo, anamtaja kwa jina la mtaani, anakueleza na ambacho mwenye filamu hakukisema. Vijana wakitoka pale wanazungumza kama yeye.

Kwa hiyo mshindani alikuwepo tangu Kanumba yuko hai. Filamu ya nje haimgharimu muuzaji kitu kuitengeneza, anainakili tu, anaweka sauti, anauza. Filamu ya nyumbani ina kambi, chakula, mafuta, mavazi. Mkaja mkaiwekea na stika. Ndiyo maana Aprili 2017 wasanii waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela. Walikuwa na haki, ila walichelewa. Wakati huo kijana anakwenda kwenye duka la kurushia muvi anajaziwa memori kadi nzima kwa hela ya soda.

#9 Mpenda Mikanda

Fundi Dishi na Mwenye Kibanda, nawasoma vizuri. Nijibuni hili: muziki nao ulikuwa unauzwa kwa CD, ukawekewa stika ileile, ukarushwa kwenye memori kadi zilezile. Mbona Bongo Fleva ilipaa miaka hiyohiyo?

#10 Fundi Dishi

Mwanamuziki ana shoo. Wimbo ukiibiwa na kila mtu ndiyo kwanza bei yake ya jukwaani inapanda. Mwigizaji ataitwa Mwanza kufanya nini jukwaani? Filamu ikishaibiwa, imeisha.

#11 Kareem wa Likoni

Hamjambo ndugu zangu wa Bara. Huku Mombasa tulikuwa twazinunua hizo filamu zenu kwa wingi, na shangazi zangu walikuwa wawajua waigizaji wenu kuliko wa Nairobi. Kiswahili chatushika zaidi kuliko zile za Riverwood, filamu za Nairobi.

Ila nawaona mwalia jambo ambalo huku halikutupata vile. Vichekesho vyetu vilikaa kwa runinga toka zamani: Vitimbi, Vioja Mahakamani, kisha Papa Shirandula. Mzee Ojwang alifariki 2015, Papa Shirandula mwenyewe 2020. Tuliwalilia sana, na hakuna aliyesema tasnia imezikwa nao, kwa sababu kituo ndicho kilicholipa mishahara. Nyinyi mlitegemea mtu aingie dukani kwa hiari yake kila wiki. Hilo ni gumu mno.

Na huyo Lufufu wenu, huku tunaye DJ Afro. Vibanda vyajaa hivyohivyo.

#12 Karani Mstaafu

Mnaianza hadithi katikati. Serikali iliunda Tanzania Film Company mwaka 1968. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi miaka ya sabini mwanzoni, sisi Bara tumesubiri mpaka 1994. ITV ilipokuja, vikundi vya maigizo vikaingia humo. Kikundi cha Kaole ndiko walikotokea Kanumba, Ray, Johari na wengine wengi mnaowataja. Mlikuwa mnawaona bure kila wiki nyumbani kwenu, mkawazoea kama ndugu, ndipo walipoanza kuuza kanda zao mkazinunua.

Kwa hiyo Fundi Dishi asiitupie televisheni lawama zote. Televisheni ya bure ndiyo iliyowazaa. Tatizo lilianza pale walipoiacha wote kwa pamoja, wakahamia kwenye kava. Kizazi kilichofuata kilijulikania wapi? Ukitazama kava za 2014 sura ni zilezile za 2006, zimenenepa tu. Mastaa wapya hawakupatikana kwa sababu shule yao ilikuwa imefungwa.

Zamani kabisa tulikuwa tunakwenda Empire, Avalon, Cameo. Na Drive-In pale Msasani, unaegesha gari, unaning'iniza spika dirishani, watoto wamelala kiti cha nyuma.

#13 Kijana wa Tandale

Mzee, Drive-In si ndipo ulipo ubalozi wa Marekani? Mimi najua kituo cha daladala tu.

#14 Karani Mstaafu

Ndipo hapohapo, mwanangu.

#15 Mshika Maiki

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niseme, maana mimi niko upande wa jikoni. Nilishika maiki kwenye filamu nyingi za kipindi kile.

Msambazaji alikuwa ananunua filamu kwa mkupuo. Anakupa hela moja, unasaini, haki zote zinahamia kwake. Ikiuza kopi elfu mbili au laki mbili, wewe huoni nyongeza. Ukiwa prodyuza na unajua hela ni ileile, utafanya nini? Utapunguza siku za kambi. Kazi ya wiki tatu inafanywa kwa wiki moja. Skripti inaandikwa usiku, asubuhi mwigizaji anaelezwa sini kwa mdomo. Na ukiikata filamu vipande viwili, unauza mara mbili.

Mama Swaumu kalalamikia sehemu ya pili. Nimpe na nyingine. Mnalikumbuka lile gari linalofika getini, linapiga honi, mlinzi anatoka taratibu, anafungua geti upande mmoja, anarudi kufungua wa pili, gari linaingia, linaegeshwa, tajiri anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka varandani, muziki unalia muda wote? Pale mwongozaji anajaza dakika. Hakuna maneno, kwa hiyo hakuna skripti. Hakuna sauti ya kurekodi, kwa hiyo mimi naweka maiki chini, nakunywa maji. Siku moja tulirekodi magari matatu yakiingia geti moja, tukayagawa kwenye filamu tatu tofauti.

Sisemi hivyo kuwadhalilisha wenzangu. Watu walikuwa wanafanya kazi usiku na mchana bila bima, bila mkataba wa maana. Kazi yangu ya mwisho nililipwa nusu, nusu ya pili naidai mpaka leo, na aliyenidhulumu simtaji. Ikabidi Mzee Majuto augue ndipo serikali, chini ya Waziri Mwakyembe, ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Hiyo ni 2018, filamu zilishafanywa mamia na haki zake zilishauzwa.

Kwa hiyo ikiwa mnatafuta muuaji, mtafuteni kwenye karatasi tulizokuwa tunasaini.

#16 Mama Swaumu

Kumbe lile geti! Na mimi nilikuwa nalitumia kwenda jikoni kugeuza samaki, narudi bado hajafika varandani.

Pole na deni lako, mwanangu.

#17 Kura Yangu

Mshika Maiki kamaliza. Mleta mada, hoja yako ya siasa inakufa hapo: kama ubora ulishaporomoka kabla ya 2015, kampeni iliua nini?

Hata bila hivyo, Watanzania hatususii hivyo. Diamond kaimba kwenye kampeni za CCM 2015 na bado amejaza kila uwanja. Profesa Jay kashinda ubunge Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA mwaka huohuo, na nyimbo zake wanacheza wa vyama vyote. Wema Sepetu kahamia CHADEMA Februari 2017, kabla mwaka haujaisha karudi CCM. Mashabiki wake walikwenda wapi? Wako palepale.

#18 Mpenda Mikanda

Kura Yangu, unachanganya muziki na maigizo. Wimbo naucheza hata kama simpendi aliyeuimba, nacheza mdundo. Mwigizaji ananiuzia imani. Ananiomba niamini kwa saa moja na nusu kwamba yeye ni mjane anayeishi mtaa wa Kigogo, hana hata kodi ya chumba. Jana nimemwona jukwaani kavaa sare za chama ananiambia nani wa kumpa nchi. Leo akilia kwenye filamu, mimi namwona yule wa jukwaani. Hilo ndilo lililonipata mimi, na najua si mimi peke yangu.

#19 Binti Rufiji

Basi Nollywood ingekuwa makaburini. Desmond Elliot kachaguliwa bunge la jimbo la Lagos 2015 hiyohiyo, na Wanigeria hawakuacha kutazama filamu. Tatizo la wetu lilikuwa kuonekana zaidi kwenye kampeni kuliko kwenye kazi.

#20 Bahati wa Bukavu

Jambo kwenu wote. Nawasoma kutoka Bukavu, Kongo, naomba na sisi mtusikie.

Huku hatukupigia kura mtu wa Tanzania. Stika ya TRA hatuijui. King'amuzi cha Azam wengi hawakuwa nacho. Lakini filamu za Bongo zilikuwa kila kona ya mtaa wetu wa Kadutu, na Kanumba alipofariki watu huku walilia kama wamefiwa na mtoto wa nyumba. Mama yangu hakusoma shule, filamu za Kifaransa hazielewi, zenu alikuwa anazielewa zote.

Na huku pia zilipotea. Hatukuzisusa. Zilikuwa haziji tena, na zilizokuja zilikuwa dhaifu. Kwa hiyo mimi nakuwa upande wa Mshika Maiki: uharibifu ulianzia kule zinakotengenezwa, wala si kwa mnunuzi.

#21 Fundi Dishi

Bahati, karibu sana. Lakini kumbuka prodyuza wa Dar alikuwa anapiga hesabu kwa soko la Dar. Mnunuzi wa Dar alipohamia kwenye kifurushi, hela ya kutengenezea ikakatika, na nyinyi mkakosa. Nakala mlizokuwa mkinunua huko nyingi zilikuwa za kudurufu, senti haikurudi kwa waliozitengeneza Sinza.

#22 Bahati wa Bukavu

Hiyo ni kweli. Basi mngetuletea za halali, tungenunua.

#23 Shabiki wa Juakali

Samahani wakuu, mbona mnamlilia mtu aliye hai? Tangu 2015 kuna chaneli ya Maisha Magic Bongo. Tamthilia yake ya Huba imekwenda misimu na misimu. Mwongozaji Lamata katoka kwenye filamu za DVD, kaleta Kapuni, kaleta Juakali, na mitaani watu wanagombana kwa ajili ya wahusika wake kama mlivyokuwa mnagombana kwa Kanumba na Ray. Azam wana Sinema Zetu. Ukiangalia waigizaji, nusu ni walewale wa kava za zamani, sasa wanaigiza vizuri zaidi kwa sababu wana skripti na wana mwongozaji anayewarudisha sini ikiwa mbaya.

Na upande wa sinema yenyewe, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto 2021 na ikachukua Tanit ya dhahabu, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Carthage, Tunisia. Ndiyo iliyopelekwa Oscar, mara ya kwanza kwa Tanzania tangu Maangamizi ya 2001. Kipindi cha DVD mnachokisifu hakikupeleka hata moja.

#24 Mwenye Kibanda

Shabiki, hiyo ya Toronto ni heshima kubwa na nimeifurahia. Manzese nani ameiona? Jumba la sinema liko ndani ya duka kubwa, na tiketi moja familia yangu ingenunulia mikanda ya mwezi. Kanumba alikuwa anafika mpaka kwa muuza genge. Filamu isiyofika gengeni mimi siiti imefufuka.

#25 Karani Mstaafu

Mwenye Kibanda anasema kweli, ila tusiwalaumu wanaotengeneza kwa ubora. Tudai majumba. Yale ya zamani mengi yamegeuzwa maduka na kumbi za ibada. Wilaya nzima haina hata ukumbi mmoja wa kuonyeshea filamu, kisha tunashangaa watu wamejifungia na simu.

#26 Mama Swaumu

Jamani, nani anajua pa kuzipata zile za zamani kihalali? Binti yangu hajawahi kumwona Kanumba, anamjua kwa picha tu. CD zangu zimechubuka.

#27 Binti Rufiji

YouTube zimejaa, mama. Ila nyingi zimepandishwa vipandevipande na watu wasiojulikana, na sauti imepigwa chini.

#28 Mshika Maiki

Na hapo ndipo moyo unaniuma. Zinatazamwa na watu wengi mno kila siku, matangazo yanaingia, na waliozicheza hawapati kitu, kwa sababu waliuza haki zote kwa mkupuo au waliozipandisha ni wezi tu.

Shabiki wa Juakali, umesema hali ya tamthilia ni nzuri. Nakuuliza kwa nia njema: kipindi kikirudiwa mara ya tano kwenye king'amuzi, mwigizaji analipwa marudio? Mwandishi je?

#29 Shabiki wa Juakali

Ninaowajua wanalipwa kwa siku ya kurekodi, wengine kwa kipindi. Marudio sijamsikia anayelipwa. Lakini hela inaingia kila mwezi, na hilo enzi za DVD halikuwepo.

#30 Mpenda Mikanda

Hapo pazuri. Kama kuna mwigizaji au mwandishi humu mwenye mkataba wa tamthilia, afute majina na kiasi, atuwekee kipengele cha marudio peke yake tukisome. Na Mwenye Kibanda, bado una kanda za Lufufu?

#31 Mwenye Kibanda

Ninazo za VHS kwenye boksi. Deki ndiyo sina. Mwenye deki nzima aje na hela ya mafuta.